Jukwaa la matairi saiti: maswali ambayo mafundi wa Dodoma hawaachi kuuliza

Tangu Serikali ihamie Dodoma kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, mji huu haujapumzika kujenga. Ukitoka Mtumba ukapita Ihumwa mpaka Ilazo, Iyumbu au Nala, huwezi kwenda mbali bila kukuta lori la kokoto. Mirunda, yaani nguzo za miti, bado inatawala kuta za nje, lakini kwenye kumbi, ofisi na maduka yenye dari refu, jukwaa la chuma lenye matairi limeshaingia. Wengi walifundishwa kulifunga na mwenzao aliyefundishwa na mwenzake, na humo katikati kuna vitu vimepotea njiani. Mimi ni msimamizi wa saiti. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, na majibu ninayoyatoa.

Jukwaa la matairi ni lipi hasa, na linazidi mirunda kwa nini?

Ni mnara wa fremu za alumini au chuma unaofungwa ngazi kwa ngazi, ukiwa na sakafu ya kusimamia juu, reli za kujikingia, ngazi ya kupandia kwa ndani, na matairi manne yenye breki chini. Wengine huliita skafodi ya matairi. Linafaa kazi nyepesi zinazohamahama: rangi, jipsamu, nyaya za umeme, taa, AC, kufuta vioo, kumalizia plasta.

Halifai kujengea tofali. Ukuta wa tofali unataka shehena ya tofali na udongo ikae karibu na fundi, na hapo mirunda iliyofungwa vizuri au jukwaa la mabomba lililofungwa kwenye jengo litakufaa zaidi. Nimewaona watu wakilitumia hili kwa kazi ile kwa sababu tu limeshakodiwa.

Kama ni la chuma na limetoka kiwandani, kwa nini huanguka?

Mara chache sana chuma ndicho hukatika. Linaanguka kwa sababu kuna kitu kiliachwa chini au pembeni: breki mbili tu zimefungwa kati ya nne, miguu ya nje (ile ya pembeni inayotanua msingi wa jukwaa) imebaki stoo, chuma cha mshazari (kile kinachokatiza kona hadi kona) kimetolewa ili toroli lipite. Jukwaa hili linasimama kwa sababu ya vitu ambavyo fundi aliye juu havioni. Yeye anaona sakafu na ukuta, anajisikia salama. Na matairi, ambayo ndiyo raha yake yote, ndiyo yanayomtia mtu kishawishi cha kusema "sogeza kidogo tu".

Naruhusiwa kwenda juu kiasi gani?

Jibu la kwanza ni kitabu cha mtengenezaji. Kila jukwaa la kiwandani huja na kitabu kinachoonyesha, kwa kila urefu, unahitaji fremu ngapi, vyuma vya mshazari vingapi na miguu ya nje ya ukubwa gani. Ukikodi, dai kitabu hicho, hata nakala. Mwenye mali akikuambia "ah, haya ni mambo ya kawaida, wewe funga tu", jua na yeye hanacho.

Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1004, ambacho viwanda vingi hukifuata, kinahusu majukwaa yenye sakafu isiyozidi mita 12 ndani ya jengo na mita 8 nje. Kuzidi hapo ni kazi ya mhandisi kupiga hesabu upya.

Pia kuna hesabu ya haraka ambayo wakaguzi wengi huitumia kama kipimo cha macho. Pima upande mfupi wa msingi wa jukwaa, pale chini matairi yanapokaa, siyo mrefu. Nje, urefu wa sakafu usizidi mara 3 ya upande huo. Ndani ambako hakuna upepo, mara 3.5. Chukua jukwaa lenye upana wa mita 1.4 bila miguu ya nje. Nje utapata 1.4 mara 3, yaani mita 4.2. Ndani, mita 4.9. Basi. Ukifunga miguu ya nje na msingi ukatanuka kufikia mita 2.8, hesabu ya nje inakuwa mita 8.4, lakini kikomo cha mita 8 kinabaki palepale. Marekani wao husema mara 4, na ukizidi hapo lazima ulifunge kwenye jengo. Hesabu hii haichukui nafasi ya kitabu. Inakusaidia tu kugundua upesi kwamba kilicho mbele yako hakijakaa sawa.

Hesabu hiyo inanionyesha kosa ninalolikuta kila saiti: watu hupima upande mrefu. Jukwaa halianguki kuelekea upande mrefu.

Ardhi ya Dodoma ni ngumu kama zege. Kuna haja ya kuweka mbao chini ya matairi?

Mwezi wa nane ni ngumu, kweli. Mvua za kwanza za Desemba zikinyesha, ardhi ileile inalainika, na pale ambapo fundi alifukia mtaro wa bomba bila kushindilia, tairi linazama taratibu wewe ukiwa juu unapiga rangi. Sehemu za mabondeni zenye udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi: hupasuka jua likiwaka na kuvimba ukilowa. Weka mbao nene, zilizonyooka, chini ya kila tairi au mguu. Siyo vipande vya marini, ile plaiwudi iliyobaki kwenye fomu za kumwagia zege.

Tofali chini ya tairi ni marufuku kwangu. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa taarifa. Kama ardhi ina mteremko, jukwaa la kiwandani lina miguu yenye skrubu ya kurefusha na kufupisha. Tumia hiyo, kisha weka pima maji kwenye fremu ya kwanza kabla hujaongeza ya pili. Fremu ya kwanza ikikaa upande, ya nne itakuwa imeinama kiasi cha kuonekana na mpita njia.

Angalia pia mashimo yaliyofunikwa. Chemba ya maji taka yenye mfuniko wa mbao iliyopakwa vumbi inafanana kabisa na sakafu.

Upepo wa hapa ni wa kila siku. Tusimamishe kazi lini?

Swali hili ndilo ningependa liulizwe zaidi kuliko linavyoulizwa. Dodoma iko kwenye uwanda, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, miti michache, na miezi ya kiangazi upepo haukwepeki. Singida na Manyoni vivyo hivyo.

Wanaofundisha kazi hii Uingereza hutumia namba hizi: upepo ukifika kilomita 27 kwa saa, teremka uache kazi. Ukielekea kilomita 40 kwa saa, jukwaa liwe limefungwa kwenye jengo imara. Ukitarajiwa kufika kilomita 64 kwa saa, livunje kabla haujafika.

Najua hakuna fundi mwenye kipima upepo mfukoni. Tumia macho. Upepo unapoanza kuinua vumbi na mifuko ya karatasi kutoka chini, na matawi madogo yakawa yanacheza muda wote, umeshafika kwenye kile kilomita ishirini na kitu. Miti midogo ikianza kuyumba yote, hukupaswa kuwa juu. Kwa Dodoma, kama dalili ni vumbi kuinuka, basi karibu kila mchana wa kiangazi uko mpakani. Ndiyo maana kazi za nje za juu mimi huzipanga asubuhi, mchana naingiza watu ndani.

Halafu kuna kisulisuli. Hiki hakitangazwi kwenye utabiri wa hali ya hewa. Jua likishaipasha ardhi tupu, kinazuka uwanjani, kinatembea, kinabeba vumbi na mabua na nailoni, na kinapita. Kwenye saiti moja nje kidogo ya mji tulikuwa na jukwaa la mita nne hivi limesimama kwenye kona ya jengo, tupu, watu wamekwenda kula. Kisulisuli kilikuja kutoka uwanjani, kikagonga kona, jukwaa likageuka robo mzunguko juu ya matairi yake kama mtu aliyeitwa jina. Halikuanguka. Nilipokwenda kuangalia, breki tatu kati ya nne zilikuwa zimefunguliwa. Nilimuuliza kijana aliyelifunga. Akasema, "Bosi, si tulikuwa tunarudi sasa hivi?"

Jambo la mwisho kuhusu upepo: usilivishe jukwaa turubai au neti ili kukinga jua au vumbi. Umelitengenezea tanga. Na kona za majengo na njia kati ya ghorofa mbili huongeza kasi ya upepo. Pale ambapo unahisi "hapa kuna kaubaridi kazuri", ndipo usiposimamisha jukwaa.

Tuko wawili. Tunalifunga vipi bila mtu kusimama hewani?

Wawili ndio wachache kabisa. Peke yako usijaribu. Namna nzuri ninayoifahamu ni ya kufunga reli ukiwa umekaa kwenye kidirisha cha sakafu, yaani tundu la kupitia lenye mfuniko. Unapanda kwa ndani, unatokeza kiwiliwili kwenye kidirisha, miguu ikiwa bado kwenye ngazi ya chini, unafunga reli za pande zote ukiwa umekaa hivyohivyo. Reli zikishafungwa ndipo unasimama. Kuna majukwaa mengine ambayo reli za ngazi inayofuata hufungwa ukiwa bado sakafu ya chini. Namna zote mbili zina wazo moja: mguu wako usikanyage sakafu isiyo na reli.

Toleo jipya la EN 1004, la mwaka 2020, linataka sakafu ya kwanza isizidi mita 3.4 kutoka chini, na kati ya sakafu na sakafu isizidi mita 2.25. Maana yake ni kwamba unapojenga kwenda juu huruki hatua. Kila baada ya muda mfupi una pa kusimama. Kwetu mtindo ni kununua sakafu moja na kuihamisha juu kadiri mnara unavyokua. Unaokoa pesa ya sakafu na kumwacha fundi ananing'inia kwenye fremu kama kima.

Kuvunja ni kwa mpangilio uleule uliogeuzwa. Usitupe vyuma chini. Mpe mwenzako mkono kwa mkono, au tumia kamba.

Reli za kujikingia zinatakiwa kuwa na urefu gani?

Sheria za Uingereza zinataka reli ya juu iwe angalau sentimita 95 kutoka sakafuni, na pasiwe na uwazi unaozidi sentimita 47 kati ya reli na reli. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, reli ya juu inakaa kiunoni. Chini, kuzunguka sakafu yote, ubao wa kimo cha sentimita 15 hivi wa kuzuia nyundo na makopo yasimdondokee aliye chini. Kamba ya katani siyo reli.

Fundi yuko juu, tunasogeza mita moja tu. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba tairi likikutana na kipande cha kokoto, linasimama, mnara hausimami. Chini mwendo umekatika, juu bado unaendelea, na uzito wa mtu uko juu kabisa ambako unazidisha mzunguko. Kokoto ya robo inchi inatosha.

Nilishawahi kufanya kosa hili mwenyewe, miaka hiyo nikiwa bado saidia fundi. Tulikuwa ndani ya ukumbi, sakafu ya zege haijapigwa tailizi. Fundi wa dari alikuwa juu na ndoo ya rangi, akatuambia tusukume kuelekea dirishani. Tukasukuma. Tairi la mbele likaingia kwenye kichimbo cha bomba la umeme, upana wake kama kiganja. Jukwaa likainama, likagonga ukuta, likabaki limeegemea hapo. Kama ukuta ungekuwa mita mbili mbele zaidi, ningekuwa nasimulia mambo mengine. Yule fundi alishuka taratibu, akakaa chini, hakusema kitu mpaka saa ya kutoka. Rangi nyeupe ilinishika nywele wiki nzima.

Taratibu ya kusogeza ni hii. Watu wote chini, na vifaa vyote chini, hata kopo. Angalia njia yote utakayopita: mashimo, nyaya, kokoto, mteremko. Angalia juu: nyaya, feni, boriti. Punguza urefu mpaka mita 4 au chini yake. Inua miguu ya nje kidogo tu, isiburure chini, lakini ibaki karibu na ardhi ili ikamate kama kitu kitatokea. Kisha sukumeni kwa mikono, mkishika chini kabisa, taratibu. Msivute kwa kamba kutoka juu, msifunge kwenye pikipiki (nimeona), na msisogeze upepo ukiwa mkali. Mkifika, breki zote, miguu ya nje, pima maji, ndipo mtu apande.

Hoja ya kwamba inapoteza muda ni ya kweli. Dakika kumi kila ukisogeza, labda zaidi. Kama kazi yako inataka usogeze mara ishirini kwa siku, kosa liko kwenye mpango, siyo kwenye taratibu: kodi jukwaa refu zaidi kwa ulalo, au mawili.

Kupanda kwa nje ni haraka zaidi. Nikizoea?

Hapana. Uzito wako nje ya fremu unavuta mnara upande wako. Panda kwa ndani, kwenye ngazi yake, mikono mitupu, vifaa vije kwa kamba. Na usipande kwa yeboyebo.

Naweza kuweka ngazi au ndoo juu ya sakafu nifikie pale juu kidogo?

Hapana. Umeshavuka reli, kwa hiyo reli hazipo tena. Ongeza fremu.

Uzito gani unakubalika juu?

Tazama kibandiko. Majukwaa ya EN 1004 yako daraja mbili: kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba ya sakafu, au kilo 200 hivi. Na mnara mzima una kikomo chake pia, hata kama una sakafu tatu.

Sasa hesabu vitu vya kwetu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo wa plasta inakaribia kilo 40. Mafundi wawili wa kawaida ni kilo 140 au zaidi, na zana zao. Wawili hao wakiwa na ndoo tatu tu, umeshapita kilo 250, na kwa kawaida wote wamejazana upande mmoja, pale penye ukuta. Peleka udongo kidogo kidogo, mara nyingi. Saidia fundi atalalamika, na alalamike.

Vipi kuhusu kutoboa ukuta kwa drili, au kufunga roda ya kuvutia ndoo?

Drili kubwa ya kutobolea zege unaisukuma kwa kifua, na ukuta unakusukuma wewe kwa nguvu ileile. Ukiwa mita tano juu, nguvu hiyo ndogo ya pembeni ina mkono mrefu. Kuvuta waya mnene kwenye bomba ni hivyohivyo, na kuosha ukuta kwa mashine ya maji pia. Kazi za namna hiyo, lifunge jukwaa kwenye jengo kwanza.

Roda inayoning'inia nje ya fremu usiifunge kabisa, isipokuwa kitabu kimeruhusu. Vuta ndoo nyepesi kwa kamba, ikipanda ndani ya mraba wa msingi.

Mkanda wa usalama je? Nimeambiwa bila mkanda sipandi.

Hapa nitawakera baadhi ya wenzangu. Kwenye jukwaa la matairi lililofungwa kamili, kinga yako ni reli. Mkanda ukiufunga kwenye mnara mwepesi ambao haujafungwa popote, ukianguka unaweza kuuvuta mnara wote ukufuate. Mkanda una maana kama umefungwa kwenye jengo au sehemu ambayo mtengenezaji ameitaja. Kumvisha mtu mkanda ili apige picha ya ripoti, huku reli za upande mmoja hazipo, ni kumdanganya. Helmeti yenye kamba ya kidevuni na buti vinabaki vya lazima.

Nyaya za TANESCO zinapita karibu na jengo. Umbali gani unatosha?

Alumini na chuma vyote hupitisha umeme, na kwenye laini kubwa, zile za kilovolti 11 na 33 zinazopita mitaani juu ya nguzo, umeme unaweza kuruka kabla hujagusa. Kanuni za Marekani kwa laini za mpaka kilovolti 50 zinataka angalau mita 3 kati ya waya na jukwaa, mtu au kitu alichoshika. Kumbuka hicho cha mwisho: bomba la alumini la mita nne mkononi mwa fundi ni sehemu ya umbali.

Kama haiwezekani kukaa mbali, nenda TANESCO mapema wakapange kuzima au kuihamisha laini. Usianze kwa kutegemea kwamba "leo umeme umekatika".

Jukwaa letu limechomelewa mtaani. Linafaa?

Inategemea, na sitaki kulidharau. Mafundi wetu wa kuchomelea wana mikono, na majukwaa mengi mjini ni yao. Shida ni kwamba halina kitabu, halina kibandiko, na hakuna aliyelipima kwa mzigo. Unalipanda kwa imani.

Ukiwa nalo, anza na tairi. Tairi nyingi zinazofungwa kwenye majukwaa haya ni za toroli za sokoni au dukani, breki yake ni kibati kinachokandamiza mpira. Ukilifunga, mwambie mtu alisukume kwa nguvu. Tairi likizunguka chini ya breki, halifai. Kisha tazama namna tairi lilivyoshikwa kwenye mguu: kama limechomekwa tu kwenye bomba bila pini, ukiinua jukwaa litabaki chini. Nenda kwenye maungio. Uchomeleaji mzuri umeshikana pande zote mbili na mstari wake unafanana. Wenye vidoti vidoti na matundu kama mkate, au ufa mwembamba wenye kutu ndani, kata fremu hiyo usiirudishe. Gonga mabomba kwa spana: lililoliwa na kutu ndani linalia sauti butu. Mwisho, hakikisha lina vyuma vya mshazari pande zote, maana mengi yana upande mmoja tu, na kwamba fremu ya juu inafungwa kwa pini kwenye ya chini, haikai tu kwa uzito wake.

Kama limepita yote hayo, mlete mhandisi alihesabu na aandike uzito na urefu wake. Mpaka hapo mimi silipandishi mtu zaidi ya sakafu moja, ndani ya jengo, kwa rangi. Na usichanganye vyuma vyake na vya kiwandani, hata kama vinaingiliana.

Nani anakagua, na kila baada ya muda gani?

Mtu mwenye ujuzi, aliyeandikwa jina. Likishafungwa kabla ya kutumika. Kila baada ya siku 7 kama linabaki palepale. Baada ya upepo mkali au mvua kubwa. Baada ya kugongwa. Baada ya mtu kubadili chochote. Zaidi ya hapo, kila asubuhi anayepanda analizunguka mara moja: breki, miguu ya nje, pini, mshazari, reli, sakafu. Dakika mbili. Ning'iniza kibao kwenye ngazi: kijani lipandwe, chekundu lisipandwe. Fundi asiyejua kusoma sana anaelewa rangi.

Sheria inasemaje hapa kwetu?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na anayesimamia ni OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mkaguzi wao anaweza kuingia saiti yako. Ajali za kazini huripotiwa kwao.

Fidia ni mlango mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Wewe kibarua wa siku, ushauri wangu mmoja: jina lako liwe kwenye daftari la mahudhurio kila asubuhi. Nimewaona watu wakihangaika kuthibitisha kwamba siku ile walikuwa kazini.

Mtu ameanguka. Tufanye nini?

Msimwinue. Najua silika ni kumkalisha, kumpa maji, kumpakia kwenye bajaji. Ameanguka kutoka juu, shingo na mgongo vinaweza kuwa vimeumia hata kama anazungumza. Mlaze kama alivyo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, zuia damu kwa kitambaa safi, mfunike asipate baridi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Kama lazima mmbebe wenyewe, ni juu ya ubao mpana, watu wanne au zaidi, kwa pamoja. Kwa mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Benjamin Mkapa upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Msimamizi ajue kabla ya ajali ipi iko karibu na barabara ipi inapitika. Jukwaa liacheni lilivyo, msilirekebishe kabla ya kukaguliwa.

Tukifunga kazi jioni, tulifanyeje?

Shusha vifaa vyote, funga breki zote, lifunge kwenye jengo kwa kamba ya waya au klampu kama liko nje. Toa ngazi ya chini au izibe kwa ubao uliofungwa, kwa sababu watoto wa mtaani wataliona ni mchezo, na jirani ataliona ni njia ya kufika kwenye bati lake.

Na hesabu vyuma. Wanunuzi wa skrepa wako kila kona, na kinachotoka kwanza ni vitu vidogo: pini, klampu, mguu mmoja wa nje. Mlinzi wetu aliwahi kutuapia kwamba usiku hakuna mtu aliyeingia. Asubuhi jukwaa lilikuwa limesimama vizuri tu, limenyooka, reli zote zipo. Pini nane za kuunganishia fremu hazikuwepo. Tangu siku hiyo pini zinalala ofisini kwenye kopo la rangi lenye kifuniko, na anayezichukua asubuhi anazihesabu mbele yangu.